Kitambaa cha Waliosahauliwa

Wenzangu vijana wa idara, mliponiomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, mlisema mnataka mambo yatakayowasaidia. Nimewaelewa. Mnataka kujua ufunguo wa kabati la pili uko wapi. Haupo. Kabati lile hufunguliwa kwa kijiko, kijiko anacho katibu, na katibu hapendi kusumbuliwa kabla ya saa nne. Aliyekuja kwa ajili hiyo anaweza kuacha kusoma hapa.

Kwa watakaobaki, vyeo nitaviruka. Vilikuja vimechelewa, na nilipovipata nilikuwa nimeshazoea kuishi bila. Mshahara nao nitauruka, maana wenyewe umeniruka mara nyingi na sioni ubaya wa kulipiza.

Nilifundisha biashara ya mitindo, na utafiti wangu ulihusu uongozi katika biashara ya anasa. Ndiyo, hapahapa Baraka, mji wetu mdogo wa kando ya ziwa. Anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Mwenzangu mmoja wa ng'ambo aliwahi kuniandikia akiuliza kwa adabu soko la anasa la Fizi, wilaya yetu, likoje. Nilimjibu kwamba liko hai, ila wakati wa mvua hufungwa pamoja na barabara. Alidhani namtania, hakuniandikia tena.

Sikuingia kazi hii kwa wito. Nilisomea usimamizi wa biashara, nikaja hapa chuoni kuomba nafasi ya kufundisha hisabati. Mkuu wa sehemu akaniambia hisabati ina mtu wake tayari, lakini kuna somo moja ambalo halijapata mwalimu mwaka wa pili sasa, la usimamizi wa kazi za mavazi. Akanitazama kuanzia kola hadi viatu, akasita, kisha akasema hata hivyo nijaribu. Wakati huo nilikuwa na suruali mbili, na moja ilikuwa ya kaka yangu.

Siku ya kwanza darasani nilikuta wanawake waliojua kushona kuliko mimi nilivyojua kuvaa. Nilichora piramidi ubaoni. Chini niliandika mitumba, katikati nguo za kawaida, na kileleni anasa, nikaipigia mstari mara mbili. Mama mmoja wa safu ya mbele akanyanyuka, akaweka vipande viwili vya kitenge juu ya meza yangu, akaniomba nionyeshe kipi ni waksi ya kweli, iliyochapwa kwa nta, na kipi ni ya kuiga. Nilivishika. Nikavipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikasoma maandishi ya pembeni kwa makini ya mtu anayejua anachosoma, kisha nikainua kimoja na kukitangaza cha kweli kwa sauti ya mamlaka. Kilikuwa cha kuiga. Darasa halikucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Waliandika kwenye daftari zao kwamba hicho ndicho cha kweli, kwa sababu mwalimu amesema.

Yule mama alinisubiri nje. Akanielekeza niende sokoni kwa fundi aitwaye Mama Wabiwa, nimwambie nimetumwa nifundishwe kugusa.

Mama Wabiwa, aliyeitwa hivyo kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa na chumba kimoja cha mabati, pasi ya makaa na cherehani mbili za kukanyaga. Moja ilishona, na ya pili iliishi kwa kuigawia ya kwanza vipuri. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na tabia ya kurudia jambo. Aliniweka kwenye kigoda, akaniamuru nifumbe macho, akawa ananipitishia vitambaa mikononi kimoja baada ya kingine huku wateja wakiingia na kuuliza yule kipofu ametoka wapi. Nilifanya hivyo wiki nzima. Nilipofungua macho na kukimbilia maandishi ya pembeni, alinipiga vidole kwa ncha ya rula.

"Usisome," aliniambia. "Kila kitambaa iko najua kuandika, hata ya kuiga."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma baada ya shule. Nilijifunza kwamba waksi ya kweli haina mbele wala nyuma, rangi inapenya pande zote mbili. Nilijifunza kunusa. Nilijifunza kutazama nyufa nyembamba za nta, ambazo anayeiga huzichapa zote sawasawa, naye fundi huzishuku kwa sababu hiyo hiyo. Na niliona jambo ambalo sijaweza kulieleza vizuri katika maandishi yoyote: Mama Wabiwa hakuwahi kumpima mtu kwa utepe. Alimtazama akiingia mlangoni, basi. Utepe aliuning'iniza shingoni kwa ajili ya wateja wanaopenda kupimwa.

Utafiti wangu uliendelea sambamba na hayo, kwa njia yake. Vitabu nilivyovipata vilisema kiongozi wa biashara ya anasa anahitaji mambo matatu: maono, urithi na uadimu. Nikafunga safari kwenda kuyatafuta. Fizi-Centre nilimkuta karani aliyekuwa akivaa koti la suti lenye lebo ya dukani bado mkononi, makusudi, ili mihuri apige kwa mkono wenye lebo. Minembwe, kule milimani, nilipanda kwa pikipiki, na pale pikipiki ilipokataa, kwa miguu. Mfugaji mmoja mwenye kofia nzuri kuliko zote nilizoziona maishani alinisikiliza nikimweleza anasa ni nini, kisha akanionyesha ng'ombe jike mwenye pembe ndefu zilizopinda vizuri sana. Hakamuliwi, akasema, wala hazai tena, wala hauzwi. Nikamuuliza kwa nini basi anamtunza. Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linafanya kazi gani. Niliandika daftarini kwamba kule juu anasa ina pembe, na bado naona ndiyo sentensi yangu bora.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwa kweli ndicho kilichonifanya nikae chini niandike.

Hapa kwetu harusi haianzi na bibi-arusi. Inaanza na kitambaa. Ukoo unachagua kitenge kimoja, na kila wa ukoo anashona hicho hicho. Mwenye sare ni wa nyumbani, asiye nayo ni mgeni aliyekuja kula. Hakuna barua inayosema jambo hilo wazi kuliko sare inavyosema, na haina haja ya posta. Ndiyo maana orodha ya watakaopewa kitambaa huandikwa kwa hofu, hufutwa, huandikwa upya, na bado hukosewa.

Mama Wabiwa alilijua hilo. Familia ikimletea orodha ya vipande hamsini, yeye aliagiza Uvira vipande sitini. Kumi vya ziada alivinunua kwa mfuko wake, akaviweka rafu ya juu, asimwambie mtu. Aliviita kitambaa cha waliosahauliwa. Na kila harusi, siku moja au mbili kabla, alitokea mtu: mjane wa kaka, binamu wa upande wa mama aliyeshuka kutoka milimani bila taarifa. Mama Wabiwa alinyoosha mkono rafuni na kumwambia cha kwako ni hiki, nilikuwekea. Yule mtu aliondoka akijua jina lake lilikuwepo tangu mwanzo. Vipande vilivyobaki alishona nguo za watoto, na ikawa nusu ya watoto wachanga wa Baraka wamevalishwa harusi ambazo hawakualikwa.

Mimi nilipoitazama rafu ile sikuona harusi. Niliona mali iliyolala.

Nilimweleza, na nilimweleza vizuri, kwa mchoro juu ya karatasi ya kaki. Nilimwambia kiongozi wa anasa ni yule anayejua kukataa. Kitu kinachopatikana na kila mtu hakina thamani. Orodha ifungwe mapema, kitambaa kiagizwe kwa idadi yake kamili, na akija mtu amechelewa aambiwe kimekwisha. Atajuta, na kujuta kwake ndiko kutakakokipandisha kitambaa hadhi. Mama Wabiwa alisikiliza sindano ikiwa mdomoni. Akauliza, na mwenye alisahauliwa? Nikamjibu kwamba orodha ikifungwa mapema watu watakuwa makini, hatasahauliwa mtu. Kesho yake akaniuliza swali lile lile, mtu ambaye hana tabia ya kurudia jambo. Ningepaswa kushtuka. Badala yake nilimpa jibu refu zaidi.

Alikubali. Nilidhani amekubali kwa nguvu ya hoja. Leo naamini alikubali kwa kumheshimu mwalimu, na hiyo ni hatari ambayo hakuna kitabu kitakachowaonya.

Harusi tuliyoifanyia jaribio ilikuwa ya Neema, binti wa Mzee Alimasi, mwenye mitumbwi. Kitenge kilikuwa cha bluu iliyokolea na ndege wa manjano, na kilikuja vipande sitini kamili kwa majina sitini. Mawili kati ya majina hayo yalikuwa langu na la mke wangu, Mama Espoir, kwa kuwa Mama Wabiwa aliniombea kwa Mzee kama shukrani ya ushauri. Mke wangu alishona blauzi, libaya kama tunavyoiita, na vitambaa vyake viwili vya kujifunga. Mimi nilishona shati.

Mwanzoni nadharia ilifanya kazi kwa uzuri wa kutisha. Watu waliuliza kitambaa, wakaambiwa kimekwisha, wakakitamani zaidi. Nilipita sokoni na daftari nikiandika maneno yao. Nilianza hata kuandika hitimisho, jambo ambalo nawashauri msilifanye kabla ya Jumamosi ya harusi.

Alhamisi akafika Shangazi Mwavita kutoka Nundu. Alikuwa dada mkubwa wa Mzee Alimasi, mwanamke mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na katika ukoo ule shangazi ndiye anayemshika bibi-arusi mkono na kumvusha kizingiti. Hakuna mwingine anayeweza. Asipomtoa yeye, binti hatoki. Akaketi, akanywa maji, akauliza sare yake. Haikuwepo. Upande wa mama walidhani ameandikwa na upande wa baba. Upande wa baba waliona mtu mkubwa kiasi hicho hahitaji kuandikwa. Mtu muhimu ndiye rahisi kusahaulika, maana kila mmoja anaamini mwenzake amemkumbuka.

Shangazi Mwavita hakufoka. Alichukua begi lake, akavuka barabara, akaketi barazani kwa jirani wanayesali naye kanisa moja. Mzee Alimasi alipomfuata kumbembeleza, alijibu neno moja ambalo jioni ile lilikuwa limeshafika bandarini: "Mi niko mugeni. Bageni banaitwaka saa ya kula. Mutaniita."

Ijumaa asubuhi soko lilikuwa na maelezo yake. Ilisemwa Mama Wabiwa ameficha kitambaa ili awauzie watu wa nje kwa bei ya juu. Kina mama waliokuwa wameacha vitambaa vyao rafuni kwake walikuja kuvichukua, wengine bila salamu. Kwaya iliyompa sare za Pasaka ilituma mtu kuzirudisha nyumbani hazijakatwa. Fundi wa kushona hana kitu kingine ila jina. Cherehani hata mwizi anaweza kununua. Na yeye angeweza kulirudisha jina lake kwa sentensi moja tu, kwamba ni Prof, kama walivyoniita, aliyemshauri. Nilikaa nyumbani asubuhi ile nikiisubiri sentensi hiyo ipite barabarani ije kwangu. Haikupita.

Aliyekuja ni yeye mwenyewe, kabla ya adhuhuri, na mkasi ndani ya kikapu.

"Prof, shati iko wapi?"

Nikamwambia limepigwa pasi, limetundikwa.

"Ulete."

Mke wangu alikuwa ameelewa kabla yangu. Alishaweka libaya yake na vitambaa vyake vya kujifunga mezani, vimekunjwa. Vya kujifunga havikuwa na shida, lakini mke wangu ni mwembamba na Shangazi Mwavita siye. Libaya ilibidi ipasuliwe ubavuni kote kuwili na kuongezwa vipande. Mama Wabiwa alikuwa amemwona shangazi akitembea mara moja tu, kwenye msiba, miaka ya nyuma. Ilimtosha. Akatandaza shati langu, akalipima kwa kiganja, akamwambia mke wangu kwamba mgongo ya Prof iko mupana, Mungu anajuaka sababu.

Nikapewa wembe na kuambiwa nifumue. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika chombo cha kazi niliyokuwa nikiifundisha. Unainua uzi kwa ncha, unaukata, unaruka mishono mitatu, unakata tena, kisha unauvuta kutoka upande wa pili bila pupa. Ukivuta kwa nguvu kitambaa kinaacha jeraha, na jeraha la waksi haliponi. Nilijikata kidole gumba. Damu ikaangukia kola, na bahati nzuri kola haikuhitajika. Nilipotaka kusema nimekosea, Mama Wabiwa hakuinua kichwa.

"Fumua kwanza," alisema. "Kukosea tutazungumuza siku ingine."

Siku hiyo nyingine hatukuipanga.

Saa tisa alasiri tulivuka barabara hadi barazani kwa yule jirani. Nilibeba utepe na kisanduku cha pini. Mzee Alimasi na watu wake walisimama pembeni wakisikiliza, na majirani wa kutosha walikuwa wamekumbuka kufagia nyua zao saa hiyo hiyo. Mama Wabiwa alipiga magoti mbele ya Shangazi Mwavita, akainua nguo kwa mikono miwili.

"Shangazi, jina yako ilikuwa kwa listi tangu ya kwanza. Mi njo nilikosea kuhesabu. Kosa ni yangu."

Hakuna hata neno moja la kweli katika maneno hayo. Shangazi Mwavita alipokea libaya, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya viungo vya ubavuni. Mwanamke wa umri wake anajua nguo iliyozaliwa nzima na nguo iliyoungwa. Akairudisha upande wake. Kisha akaniangalia mimi na utepe wangu.

"Na huyu baba ni nani?"

"Ni mwalimu," alijibu Mama Wabiwa. "Amenisaidia kufumua."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi, watu wote waliotakiwa kusikia walikuwepo, na shangazi mwenyewe ameuliza. Niliuzungusha utepe kwenye kidole, nikauzungusha kurudi. Nilijiambia si wakati wa kuvuruga amani iliyokaribia kupatikana. Ni sababu nzuri sana. Nimeitumia tena mara nyingi.

Shangazi Mwavita aliivaa. Jumamosi alimshika Neema mkono, akamvusha kizingiti, vigelegele vikapigwa hadi ziwani. Ndege wa manjano walikuwa kila mahali isipokuwa kwangu na kwa mke wangu. Mimi nilivaa shati jeupe, yeye gauni la kanisani. Kijana wa mapokezi alitutazama nguo, akatuelekeza kwa heshima kwenye mabenchi ya wageni, nyuma kabisa, karibu na sufuria. Niliumia, niseme ukweli. Niliumia kama mtoto. Mama Espoir aliketi, akapanga gauni lake, akasema kwa sauti ya chini: "Kumbe uadimu njo huu."

Baada ya harusi jina la Mama Wabiwa lilishonwa nusu. Halikuwa tena jina la mwizi, lilikuwa jina la mtu asiyejua kuhesabu. Kwaya haikurudi. Watu waliomletea vitambaa walianza kuvihesabu mbele yake, kwa sauti, yeye aliyekuwa akiwapima kwa jicho tu. Alivumilia. Mwezi uliofuata vipande vya ziada vilirudi rafu ya juu, na safari hii hakumwomba mtu ushauri.

Mimi nilikuwa na daftari limejaa. Niliandika makala kuhusu uadimu katika masoko ya kando ya ziwa, na makala yenyewe inaishia Jumatano. Waliopitia waliisifu kwa ufupi wake.

Lakini mwalimu huhitaji pia mfano wa kushindwa, na mfano nilikuwa nao. Niliuingiza katika kijitabu cha somo kwa kichwa "Kisa cha fundi W.". Fundi W., nilifundisha, aliagiza kitambaa pungufu kwa kukosa utabiri, akamwacha mtu wa muhimu, akapoteza wateja. Kuhusu mshauri sikuandika kitu. Hapa Baraka herufi moja inatosha, hakuna mwanafunzi aliyehitaji kuuliza W. ni nani. Mwaka baada ya mwaka nilitoa mtihani wenye swali lile: eleza kosa la kiongozi huyu. Mwaka baada ya mwaka walilieleza, wengine kwa ukali, na wenye ukali niliwapa alama nzuri. Jambo hilo lilimfikia Mama Wabiwa, kwa sababu wanafunzi wangu walishona kwake. Tulipokutana sokoni alinisalimu kama siku zote na kuniuliza darasa linaendeleaje.

Kisha Wabiwa mwenyewe akajiandikisha.

Aliketi safu ya pili, msichana mwenye sauti ya chini kama ya mama yake. Ningeweza kuliondoa swali. Nilijiambia karatasi zimeshachapwa. Aliandika kwa Kifaransa kisicho na doa kwamba fundi W. ni mama yake, kwamba mama yake mwenyewe amewaambia watoto wake mara nyingi kwamba alikosea kuhesabu, na kwamba yeye kama binti haoni haya kulisema. Akamalizia kwamba kama mama yake angekuwa na mshauri aliyesoma, mambo yasingefika pale.

Niliisoma karatasi ile mara nne. Nilimpa kumi na saba kwa ishirini. Alama tatu nilizikata kwa ajili ya lugha.

Wengine mnajua yaliyofuata, kwa kuwa Wabiwa alisoma, akaenda mbali akasoma zaidi, akarudi, na ofisi yake iko mkabala na iliyokuwa yangu. Nilipostaafu somo likawa lake. Nilimkabidhi kijitabu, naye akakipitia ukurasa kwa ukurasa akifuta yaliyozeeka, na nilifurahi kuona yaliyozeeka ni mengi. Alipofika kwenye kisa cha fundi W. kalamu yake haikugusa kitu. Hiki kinabaki, alisema, kinafundisha.

Nilitoka pale nikaenda sokoni moja kwa moja. Mama Wabiwa haoni vizuri tena kuingiza uzi, ana msichana wa kumwingizia, lakini bado anakata. Nilimuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza tangu Ijumaa ile: kwa nini hakunitaja. Alimaliza kwanza kukata mkono wa libaya.

"Batu bangekucheka, na darasa yako ingekufa," alisema. "Wabiwa angesomea wapi?"

Alikuwa mtoto mdogo Wabiwa wakati huo. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha maono.

Akaniambia kwa upande wake mambo yamekwisha, ila binti yake nikamwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikaenda. Nilimwambia Wabiwa ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, yote, pamoja na rafu, na karatasi ya kaki, na shati. Aliniuliza swali moja, kama mama yake alijua nilichokuwa nikifundisha. Nikasema alijua. Akakivuta kijitabu, akakifungua kwenye kisa cha fundi W. Nilijaribu kumfariji, nikamwambia katika mtihani ule aliandika tu nilivyomfundisha.

"Prof," alisema, "mi niliandika juu ya mama yangu."

Kwa mara ya kwanza kunyamaza kwangu hakukumsaidia mtu yeyote, hata mimi. Akaniambia ninyi mliniomba kumbukumbu, sivyo, basi niandike. Niweke na jina. Na nikimaliza, karatasi zibandikwe mlangoni mwa darasa, fasi kila mutu anapitaka, si kabatini.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma mmesimama hapa mlangoni, mkisukumana, sikieni. Mama Wabiwa alihesabu vizuri. Aliyemwambia apunguze kitambaa ni mimi, Wilondja, mwalimu wenu, na Shangazi Mwavita alipouliza mimi ni nani, niliangalia utepe.